Msomaji Aliye Njia Panda: Usanifu wa Majarida ya Wanawake Vijana Tanzania Ukitazamwa Kutoka Msata, 1988–2021

1. Utangulizi

Msata ni njia panda. Barabara itokayo Bagamoyo kupitia Makofia hukutana hapo na barabara kuu ya Chalinze kuelekea Segera, Tanga na mikoa ya Kaskazini. Katika tafiti za historia ya uchapishaji nchini, ambazo kwa kawaida huanzia na kuishia Dar es Salaam, mahali pa namna hii huonekana kuwa pa kupitia tu. Makala hii inageuza mtazamo huo. Inauliza: majarida yaliyobuniwa kwa ajili ya wanawake vijana yalimkusudia msomaji gani, na msichana wa Msata alipata nafasi gani katika makusudio hayo?

Neno usanifu linatumika hapa kwa maana pana. Halihusu tu mpangilio wa kurasa na picha ya jalada, bali linajumuisha jina la jarida, sauti inayozungumza, aina ya masimulizi na njia ya kulifikisha kwa msomaji. Hoja kuu ni kwamba kila uamuzi wa usanifu ni jibu la swali la kihistoria: msichana ni nani, na ni wapi anapatikana? Majibu yaliyotolewa tangu mwaka 1988 yalipanua hadhira kwa kiasi kikubwa, lakini yaliacha ufa kwenye lango la shule.

2. Msichana mwenye majina mengi

Ugumu wa kumsanifia jarida mwanamke kijana unaanza na majina anayopewa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi au mlezi, ilhali umri wa mwanamume uliwekwa kuwa miaka 18. Vifungu hivyo vilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha uamuzi huo mwaka 2019. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007, kwa upande wake, inamtambua kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Kwa hiyo mtu yuleyule wa miaka 16 aliweza kuwa mke kwa mujibu wa sheria, kijana kwa mujibu wa sera na mwanafunzi katika rejista ya shule.

Katika jamii za Wakwere, Wazigua, Wadoe na Wazaramo lipo jina jingine lililotangulia hayo yote: mwali. Mwali alikuwa na mwalimu wake, yaani somo au kungwi, aliyemfunda kuhusu mwili, adabu na maisha ya unyumba. Mafunzo hayo yalikuwa ya siri, yalitolewa kwa sauti ya mwanamke aliyemzidi umri, na yalikuwa na mahali pake maalumu. Jarida linapofungua ukurasa wa maswali na majibu kuhusu hedhi, uchumba au ujauzito, linaingia katika kazi iliyokwisha kuwa na mwenyewe. Tofauti ni kwamba kungwi alimjua mwali wake kwa jina, naye mhariri hamjui msomaji.

Magazeti ya baada ya Uhuru hayakuwa kimya kuhusu msichana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kujichubua, ili ianze Januari 1969. Mjadala uliofuata ulijaza kurasa za barua za wasomaji. Hata hivyo, wanawake walioandika mara nyingi walilazimika kujibu mashtaka yaliyotungwa na wengine. Msichana alikuwa mada kabla hajawa msomaji anayekusudiwa.

3. Sauti ya Siti: mwanamke kama msemaji

Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA) kilianzishwa mwaka 1987, Fatma Alloo akiwa miongoni mwa waasisi wake, na jarida lake, Sauti ya Siti, lilianza mwaka 1988. Wakati huo magazeti makuu ya kila siku yalikuwa ya chama na ya serikali. Jina la jarida lilikuwa uamuzi wa kwanza wa usanifu, na pengine ndio uliokuwa mzito kuliko yote. Siti binti Saad alizaliwa kijijini Fisi, Unguja, yapata mwaka 1880. Aliuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji mashuhuri wa taarabu kwa Kiswahili, na mwaka 1928 nyimbo zake zilirekodiwa Bombay. Kwa kuchagua jina hilo, waasisi walidai kwamba mwanamke wa tabaka la chini anaweza kusemea jamii nzima.

Jarida lilishughulikia haki, afya, ukatili na taswira ya mwanamke katika vyombo vya habari. Umuhimu wa taswira ulidhihirika kwa uchungu Februari 1990, pale Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipojitoa uhai baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Chuoni hapo palikuwa na maandishi na vikatuni vya ukutani, visivyo na jina la mwandishi, vilivyoitwa Punch, ambavyo viliwadhalilisha wanafunzi wa kike. Punch nayo ilikuwa chapisho la vijana: ilikuwa na wachoraji, wasomaji na mtindo wake. Tukio hilo linaonesha kwamba mahali ambapo msichana hana chapisho linalomsemesha, huenda likawepo linalomsema.

Hata hivyo, Sauti ya Siti lilimwita msomaji wake kwanza kama mwanamke mwenye madai. Msichana alionekana zaidi kama mtu wa kutetewa. Upungufu huo hauondoi thamani ya jarida, kwani bila kuijenga hadhi ya msemaji mwanamke, hatua iliyofuata isingekuwa rahisi.

4. Kutoka Lamu hadi Femina

Hatua hiyo ilikuwa na chimbuko katika pwani ya Kenya. Minou Fuglesang, mwanaanthropolojia kutoka Sweden, alichunguza maisha ya wasichana wa Lamu na kuchapisha kitabu chake mwaka 1994. Alionesha jinsi wasichana hao walivyotumia filamu za Kihindi, mavazi na sherehe za arusi kufikiria mapenzi na mustakabali wao. Funzo la kiusanifu lilikuwa wazi: burudani ni njia halali ya kufikiri, haipaswi kudharauliwa kama upotofu.

Mwaka 1999 Femina ilianza nchini Tanzania chini ya uongozi wake. Jarida hilo, lililokuja kuitwa Fema, lilisambazwa bure katika shule za sekondari na kujengewa klabu za wanafunzi. Mwaka 2003 likafuata Si Mchezo!, lililolenga vijana wa vijijini walio nje ya shule, likitumia Kiswahili chepesi na hadithi za picha. Vijana wenyewe walionekana kurasani na visa vyao vikawa kiini cha masimulizi. Hapa sauti ya kumfunda msomaji ilipungua na sauti ya rika ikaongezeka.

Mabadiliko hayo yalikuwa na gharama. Jina la Femina lilibeba kumbukumbu ya mwanamke, lakini hadhira iliyokusudiwa ilikuwa vijana wa jinsia zote. Aidha, msomaji aligawanywa kwa kigezo cha shule: jarida moja kwa walio ndani, jingine kwa walio nje.

5. Msata na lango la shule

Kigezo hicho kinapimwa vizuri Msata. Juni 2017, katika ziara ya mkoa wa Pwani iliyohusisha uzinduzi wa barabara ya Bagamoyo–Makofia–Msata, Rais John Magufuli alitamka kwamba mwanafunzi aliyepata mimba hatarejea katika shule za serikali. Msimamo huo haukuanza siku hiyo, kwani kanuni za elimu za mwaka 2002 zilikuwa zimekwisha kutaja kosa dhidi ya maadili na kufunga ndoa kuwa sababu za kumfukuza mwanafunzi. Novemba 2021 serikali ilitangaza kuwaruhusu wanafunzi hao kurejea.

Kwa historia ya uchapishaji, matukio haya yana maana mahususi. Shule ni anwani ya kudumu: mafurushi ya majarida hupelekwa, hupokewa na hugawiwa. Kijana aliye nje ya shule hana anwani ya namna hiyo, na humfikia yule tu ambaye asasi au watu wa kujitolea wamemfikia. Kwa hiyo msichana aliyeondolewa shuleni kwa sababu ya ujauzito alipoteza darasa na klabu, na pamoja navyo jarida, katika miezi ileile ambayo kurasa zake zingemfaa kuliko wakati mwingine wowote. Jarida la walio nje lilimkusudia kimaudhui, lakini hakuna lango lililomtoa katika orodha moja na kumwingiza katika nyingine.

Eneo hili lilikuwa na kielelezo cha njia nyingine. Kati ya mwaka 1975 na 1979 mradi wa utafiti wa Jipemoyo, ulioshirikisha Marja-Liisa Swantz na watafiti wa Tanzania na Finland, ulifanya kazi magharibi mwa wilaya ya Bagamoyo ya wakati huo kwa msingi kwamba wanakijiji ni watafiti wenza. Kwa mantiki hiyo, anayejua msichana aliyeacha shule anapatikana wapi ni jirani zake: somo, fundi cherehani, muuza chakula stendi, mhudumu wa zahanati.

6. Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba majarida yaliyochunguzwa yalifanya kazi kubwa tatu: yalimpa mwanamke jina la msemaji, yalihalalisha burudani kama uwanja wa fikra, na yalimweka kijana wa kijijini kurasani. Udhaifu wao wa pamoja uko katika kumfikiria msichana kama mtu aliyetulia katika hali moja. Historia ya sheria, sera, unyago na shule inaonesha kinyume: mwanamke kijana huhama kutoka jina moja hadi jingine, mara nyingine ndani ya mwaka mmoja na bila kuulizwa. Watafiti wa baadaye wanapaswa kuchunguza kilichochapishwa, na pia mikono iliyokipokea na pale mnyororo wa mikono hiyo ulipokatika. Kwa msichana wa Msata, jarida lililosanifiwa vyema ni lile ambalo lingemfuata alipotoka langoni, na kumkuta bado ni msomaji.