Kura ya Mtaa: Kariakoo, Kampala, Nairobi

Mchana Kariakoo, Dar es Salaam, ni ya wafanyabiashara. Mwenyekiti wa mtaa huchaguliwa na wanaolala hapo. Wauzaji wengi wa vitenge Mtaa wa Kongo hurudi Mbagala au Gongo la Mboto jioni, na huko ndiko huandikishwa. Orodha ya wapiga kura wa mtaa si daftari la kumpigia kura Rais. Huandaliwa upya mtaani chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, kisha hubandikwa ili jirani amkague jirani.

Uganda wamekwenda mbali zaidi kwa kumwamini jirani. Julai 2018, baada ya miaka 17 bila uchaguzi wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, watu walijipanga nyuma ya wagombea wao, vichwa vikahesabiwa mbele ya wote. Hakuna sanduku la kujazwa usiku. Lakini mwenye nyumba anaona mpangaji wake kasimama foleni ipi. Kenya iliyaonja hayo mwaka 1988 chini ya chama tawala cha KANU, kwa jina la mlolongo, na hata macho ya umati hayakuzuia foleni fupi kutangazwa mshindi.

Kenya ya leo imegeuza mambo: kura ni siri, hesabu ndiyo ya wazi. Fomu 34A, yenye matokeo ya urais ya kituo, hubandikwa mlangoni pa kila kituo, na mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliziweka mtandaoni fomu za vituo zaidi ya 46,000, kila mwenye simu ajumlishe mwenyewe. Hata hivyo makamishna 4 kati ya 7 wa tume hiyo waliyakana matokeo, mpaka Mahakama ya Juu ilipoamua Septemba 5. Fomu hazikuzuia ugomvi. Ziliwapa wagombanao kitu cha kuonyeshana.

Kwetu Tanzania giza huanza mapema, kwenye uteuzi. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na chama tawala, CCM, kikazoa zaidi ya asilimia 99 ya nafasi. Novemba 2024 vilishiriki, malalamiko yakarudi yaleyale, na ushindi wa CCM ukapita asilimia 98. Wasimamizi wa uchaguzi walisema fomu za kugombea zilikuwa na kasoro. Huenda nyingine zilikuwa nazo kweli, ila mkazi wa mtaa hakuonyeshwa. Foleni ya Kampala na tovuti ya Nairobi zote huanza kazi wakati jina limeshakatwa.

Kwa hiyo la kuazima Kenya, nadhani, ni ule ubandikaji, tuusogeze nyuma wiki kadhaa. Halmashauri ya Jiji ibandike, kando ya orodha ya wakazi, fomu ya kila aliyeenguliwa: kasoro imezungushiwa wino, kifungu cha kanuni kimetajwa, aliyeamua ameweka jina lake, na siku za rufaa bado zipo. Namba ya simu ya mgombea ifunikwe. Gharama yake ni fotokopi, na Kariakoo fotokopi haijawahi kukosekana. Swali la nani amteue msimamizi lingebaki palepale, lakini angalau naye angesomwa ubaoni.