Gramu 72 mfukoni mwa askari

Jeshi la Uswisi lilipoamua kwamba kila askari wake awe na kisu cha kukunja, halikuwa likitafuta pambo. Bunduki yake mpya, Schmidt-Rubin ya mwaka 1889, haikufunguka bila bisibisi, na chakula cha kambini kilikuwa kimeanza kuja ndani ya makopo. Basi kisu kilichoitwa Modeli 1890 kikabeba vifaa vinne: bapa la kukatia, bisibisi, kifungulia kopo na chuma cha kutobolea. Mpini ulikuwa wa mti wa mwaloni wenye rangi iliyokoza, na kisu kizima kilikuwa na uzito wa gramu 144.

Visu vya kwanza havikutengenezwa Uswisi. Vilitoka Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu tangu enzi za panga. Jambo hilo lilimkera Karl Elsener, fundi aliyekuwa amefungua karakana mwaka 1884 huko Ibach, katika jimbo la Schwyz. Aliwakusanya mafundi wenzake waungane kulihudumia jeshi lao wenyewe, na mwaka 1891 shehena ya kwanza ikatoka. Lakini bei ya Solingen ilikuwa chini. Wenzake wakajitoa, Elsener akabaki na madeni, na nusura afilisike kama si jamaa zake kumwokoa. Karakana hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Victorinox.

Mwaloni haukudumu. Mti unanyonya maji, unavimba, unakauka, kisha unapasuka kandokando ya ribiti. Kufikia Modeli 1908 mbao zilikuwa zimeondolewa na kuwekwa faiba, yaani karatasi ya pamba iliyotiwa kemikali na kushindiliwa mpaka ikawa ngumu. Uzito ulishuka hadi gramu 125. Faiba hiyo ilitumika kwa miongo mitano, na hata Modeli 1951, ya kwanza kuwa na chuma kisichoshika kutu, ilikuwa nayo.

Ajabu ni kwamba muda wote huo alumini ilikuwa jirani. Mwaka 1886 vijana wawili, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, waligundua kila mmoja kivyake njia ya kuitenga alumini kwa umeme. (Wote wawili walizaliwa mwaka 1863 na wote wakafariki mwaka 1914; historia ina mambo yake.) Kabla ya hapo madini hayo yalihesabiwa pamoja na fedha: mwaka uleule Elsener alipofungua karakana, Wamarekani waliweka kwenye kilele cha mnara wa Washington kipande cha alumini cha kilo 2.8 hivi, kwa fahari kubwa. Njia ya Héroult ilianza kutumika Neuhausen, Uswisi, penye maporomoko ya mto Rhine, ambako kampuni ya alumini iliundwa mwaka 1888. Kutoka hapo hadi Ibach hakufiki kilomita 100.

Kwa nini basi fundi wa visu hakuikimbilia?

Mpishi yeyote wa Afrika Mashariki anaweza kujibu nusu ya swali hilo. Sufuria ya alumini huchubuka kwa kijiko, hubonyea ikianguka, na ukiisugua kwa nguvu mikono yako hubaki na weusi. Alumini tupu ni nyepesi, uzito wake ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule, lakini ni laini. Mpini wa namna hiyo ungelegea penye ribiti ndani ya miezi michache, na kila mara mwenyewe angetoa mkono mfukoni ukiwa umepakaa weusi. Ilibidi mambo mawili yatokee kwanza, na yote mawili hayakutoka kwa mafundi wa visu.

La kwanza ni aloi. Mwaka 1906 mtaalamu wa metali wa Ujerumani, Alfred Wilm, alikuwa akijaribu kuimarisha alumini kwa kuichanganya na shaba na magnesi kidogo. Aliipasha moto, akaipoza ghafla, akaipima, na matokeo hayakumfurahisha. Alipoipima tena baada ya siku chache, ilikuwa imekuwa ngumu zaidi bila mtu kuigusa. Ndani ya metali chembe ndogo zilikuwa zikijipanga polepole na kuizuia isipinde kirahisi. Aloi hiyo iliitwa duralumini, na wateja wake wakubwa wa mwanzo hawakuwa wa jikoni wala wa karakana bali wa angani: watengenezaji wa meli za angani za Zeppelin.

La pili ni ngozi. Mwaka 1923 Waingereza Bengough na Stuart walitafuta namna ya kuzikinga sehemu za duralumini za ndege za majini zisiliwe na chumvi. Walizitumbukiza kwenye asidi na kupitisha umeme. Oksijeni inashikamana na uso wa alumini na kufanya tabaka la oksidi, ambayo ni kemikali ileile iliyomo kwenye jiwe la rubi. Tabaka hilo ni jembamba sana, aghalabu mikroni 5 hadi 25, lakini ni gumu kuliko metali iliyo chini yake. Tena lina vitundu visivyoonekana kwa macho. Ukimimina rangi, vitundu vinaimeza. Ukichemsha kipande hicho kwenye maji, vinajifunga, na rangi inabaki humo. Ndiyo maana mpini mwekundu wa alumini haubanduki rangi kama bati lililopakwa. Hukwaruzwa, naam, na mkwaruzo ukifika chini huonekana mweupe, lakini haubambuki vipande vipande.

Jeshi la Uswisi liliukubali mpini huo kwenye Modeli 1961. Hapo mambo yakabadilika kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu faida kubwa haikuwa uzuri wala hata wepesi wa metali yenyewe. Kisu chekundu cha plastiki, kile ambacho watalii hununua, kina mabamba ya ndani ya metali, halafu plastiki inabandikwa juu yake. Ni matabaka mawili kila upande. Kwenye kisu cha askari bamba la alumini ndilo mpini na ndilo ukuta: ribiti zinapita moja kwa moja, hakuna kinachobandikwa juu. Bamba linagongwa kwa mashine likapata vijiraba vidogo vinavyoshika mkononi hata ukiwa na jasho. Unene wa kisu ukashuka hadi milimita 12, na uzito hadi gramu 72, nusu kamili ya kile cha mwaka 1890. Mipini ya miaka ya mwanzo ilikuwa myekundu, kisha ikawa ya rangi ya fedha yenye ngao ndogo ya msalaba wa Uswisi. Shinani mwa bapa ulipigwa mhuri wa mwaka wa kutengenezwa, na leo wakusanyaji huutafuta mwaka huo kabla ya kuuliza bei.

Wamarekani waliichukua alumini kwa njia nyingine. Kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta hawakugonga bamba. Walichonga mpini kutoka kwenye kipande kizima cha 6061-T6, aloi yenye magnesi na silikoni iliyotengenezwa miaka ya 1930. Kampuni kama Microtech na Pro-Tech huitumia kwenye visu vinavyofyatuka kwa springi, maana humo bapa linahitaji njia iliyonyooka isiyopinda, na plastiki hupinda. Hata hivyo alumini ina mipaka. Haifai kuwa ulimi wa kufungia bapa, kwa kuwa ikipindwa mara nyingi huchoka na kukatika; kazi hiyo hupewa chuma au titani. Nyuzi za skrubu ndani yake huharibika ukikaza kwa pupa. Na kwa watu wa pwani kuna onyo la ziada: skrubu ya chuma ndani ya alumini, ikipata maji ya chumvi, huila alumini iliyoizunguka. Kisu cha kwenye ngalawa kioshwe kwa maji baridi.

Mwaka 2008 jeshi la Uswisi lilichagua kisu kipya. Safari hii lilitaka bapa linalofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga lisimkunjikie askari vidoleni, na hilo ni dai la haki. Kilichoshinda pia ni cha Victorinox: kina urefu wa milimita 111 kikiwa kimekunjwa, mpini wa plastiki ya kijani na nyeusi, na uzito wa gramu 131. Kwa kazi ya kambini huenda ni bora. Kwa mtu anayetaka kisu asichokihisi mfukoni mchana kutwa, kile cha 1961 bado hakijapitwa, na ndugu yake wa karibu bado anatengenezwa Uswisi na kuuzwa madukani kwa jina la Pioneer.