Wachumi na Baraza Lao

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Katika miaka ya 1980 nchi za Afrika Mashariki ziliwapokea wageni wengi wa aina moja: wataalamu wa Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, waliokuja na dawa iliyokwisha kuchanganywa Washington. Tanzania ilianza kuvutana nao mwaka 1979, na mwaka huohuo Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, akajiuzulu. Mwishowe, mwaka 1986, makubaliano yakafikiwa na shilingi ikashushwa thamani. Kila aliyekwenda sokoni aliujua ugonjwa na akaionja dawa. Lakini wenyeji walioweza kuisoma hesabu ya mgeni, kisha wakaikosoa kwa hesabu yao wenyewe, walikuwa wachache mno.

Uchache huo una historia yake. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoviunganisha vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam tangu mwaka 1963, kilivunjika mwaka 1970, na kila nchi ikabaki na chake. Wengi waliotaka shahada ya uzamivu walivuka bahari. Justinian Rweyemamu alisomea Harvard. Benno Ndulu alitoka Dar es Salaam akaenda Northwestern, hukohuko Marekani, akaipata shahada hiyo mwaka 1979. Hao walirejea kufundisha. Wako ambao hawakurejea, na vyuo vikapungukiwa na walimu wa kuwalea walimu.

Katika hali hiyo, mwaka 1988, iliundwa jijini Nairobi jumuiya ya utafiti wa uchumi barani Afrika, ijulikanayo kwa herufi AERC. Hoja yake ilikuwa nyepesi: lisilowezekana kwa chuo kimoja huwezekana kwa vingi. Mwaka 1993 ukaanza mpango wa pamoja wa shahada ya uzamili. Mwanafunzi alisoma misingi chuoni kwake, kisha akakutana Nairobi na wenziwe wa nchi nyingine kwa masomo ya kuchagua, ambayo chuo kimoja kisingeweza kuyapatia walimu wote. Mwaka 2002 ukafuata mpango wa uzamivu, Dar es Salaam ikiwa miongoni mwa vyuo vinne vya kutunuku shahada, pamoja na Ibadan, Cape Town na Yaoundé II. Ndulu mwenyewe aliiongoza jumuiya hiyo katika miaka ya 1990. Baadaye akawa Gavana wa Benki Kuu ya Tanzania, 2008 hadi 2018. Alifariki mwaka 2021.

Moyo wa kazi hiyo ni warsha zinazofanyika mara mbili kwa mwaka. Mtafiti huleta pendekezo, hurudi na ripoti ya awali, kisha hurudi tena na ya mwisho. Kila mara huketi mbele ya wenziwe, wakaipekua hoja yake kiungo kwa kiungo. Mpenzi wa ushairi hataona ugeni hapo. Enzi za Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, tungo zilivuka maji kwenda Lamu kutafuta majibu, na mtunzi akapimwa kwa wapinzani wake.

Hata hivyo, baraza hizi mbili zina tofauti. Sehemu kubwa ya fedha za warsha imetoka kwa wafadhili wa nje, na mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Tungo za Muyaka zilifahamika kwa nahodha na kwa mchukuzi, ilhali warsha huendeshwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Si kwamba Kiswahili hakina maneno: mfumuko wa bei, ruzuku na pato la taifa husikika kila siku bungeni na magazetini. Lakini tasnifu inayopima bei ya karafuu ikiandikwa kwa Kiingereza, mkulima wa Pemba asiyekijua hawezi kuibishia.

Mgeni wa Washington sasa amepata wenyeji wa kujibizana naye. Mwenyeji aliye sokoni bado anangoja kujibiwa kwa lugha yake.