Kutoka Samaki wa Radi Hadi Mashine ya Mgongo



Wiki iliyopita biharusi wetu mmoja alinitumia picha ya kimashine kidogo chenye waya na vibandiko. Mama yake anaumwa mgongo, maumivu yanashuka mpaka unyayoni, na mtoto anataka amnunulie kabla ya harusi ili mama asikae kitandani siku ya furaha yake. Akaniuliza: "Dada, hii ni dawa kweli au biashara tu?" Nimeamua kumjibu kwa kuanzia mbali, maana kutuliza maumivu kwa umeme ni jambo la zamani kuliko hata waya.

Karibu na mwaka 47, tabibu wa Roma aitwaye Scribonius Largus aliandika dawa ya jongo: mgonjwa asimame ufukweni penye maji, akanyage taa mwenye umeme akiwa hai, mpaka mguu uingie ganzi kufika gotini. Kwa kichwa kinachouma, samaki huyo aliwekwa palepale panapouma. Galen naye alimjaribu akiwa mfu, hakuona kitu. Akamjaribu akiwa hai, akasema anafaa.

Elimu hiyo waganga wa Kiislamu waliipokea. Abd al-Latif al-Baghdadi, aliyekaa Misri mwishoni mwa karne ya 12, alimweleza kambare wa mto Nile ambaye ukimgusa mwili unatetemeka na mkono unakufa ganzi. Waarabu walimwita raad, neno la shina moja na radi yetu sisi. Hakuna aliyejua umeme ni nini wakati ule, lakini jina walilompa lilikuwa limekaribia!

Samaki alipumzishwa karne ya 18, watu walipojifunza kutengeneza umeme kwa kusugua kioo na kuuhifadhi ndani ya chupa. Benjamin Franklin, kule Marekani, aliletewa watu waliopooza awapige umeme. Mwaka 1757 aliandika kwamba siku za mwanzo walipata nafuu, kisha nafuu ikasimama, na hakuona aliyepona moja kwa moja. Akashuku pia kwamba safari ya kuja kwake na matumaini ya mgonjwa vilichangia. Mimi hapo nampenda, kwa sababu wauzaji waliomfuata hawakuwa na ukweli huo. Karne ya 19 palikuwa na mikanda ya umeme iliyodaiwa kuponya karibu kila maradhi.

Maelezo ya maana yalikuja mwaka 1965, pale Ronald Melzack na Patrick Wall walipotoa nadharia ya lango. Ukijigonga kiwiko, unafanya nini? Unakisugua. Ndivyo hivyo. Mishipa minene ya fahamu inayobeba hisia ya kuguswa inasaidia kufunga lango ndani ya uti wa mgongo, na habari ya maumivu inapita kidogo. Somo anapokukanda kiuno baada ya siku ya kazi, sehemu ya raha unayoipata ndiyo hiyo. Mashine nayo inaisisimua mishipa hiyo kwa umeme mdogo.

Mwaka 1967 Norman Shealy, daktari wa upasuaji Marekani, alimwekea mgonjwa wa saratani kifaa cha umeme karibu na uti wa mgongo. Baadaye madaktari walitumia vibandiko vya juu ya ngozi kuwapima wagonjwa kabla ya upasuaji kama huo, wakagundua wengine wanatulia kwa vibandiko peke yake. Ndiko kilikotoka hicho kimashine cha kwenye picha.

Sasa jibu lako, mwanangu. Mashine haiondoi chanzo. Kama diski imebana mshipa, itaendelea kubana. Wengine hupata utulivu wakati imewashwa, wengine hawasikii lolote. Uingereza, tangu 2016, mwongozo wa taifa wa matibabu unawaambia madaktari wasiitumie kwa maumivu ya kiuno, kwa kuwa ushahidi hautoshi. Wengine bado wanaitumia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, chini ya uangalizi.

Mwenye kifaa cha moyo asiiguse bila idhini ya daktari wake. Mjamzito asiibandike tumboni wala kiunoni kwa uamuzi wake mwenyewe (na nyinyi maharusi, miezi inapita haraka). Isiwekwe mbele ya shingo, wala penye kidonda, wala penye ngozi isiyo na hisia, kwani inaweza kuunguza usijue. Na mama akianza kushindwa kuzuia haja, au ganzi ikamshika sehemu za siri, au mguu ukalegea, hapo hakuna mashine wala kuchua: ni hospitali siku hiyohiyo.

Nilimwandikia haya yote. Jana usiku akanijibu kwamba mama amekubali kwenda kuonwa Jumatatu, na pesa ya mashine ameiweka kando mpaka wasikie daktari atasemaje.