Stata ya nduthi yako haijafa, imelala njaa

Wasee, leo tuongee kuhusu kile kitufe kidogo cha upande wa kulia kwenye usukani wa nduthi. Pita steji ya Uthiru asubuhi uhesabu ni watu wangapi wa boda wanakibonyeza. Wengi walishakisahau. Mtu anainuka, anapiga kiki, anaenda. Ukimuuliza, atakwambia stata ilikufa, akanunua ingine, nayo ikakufa, akachoka kutoa pesa.

Maoni yangu ni haya: mara nyingi hiyo stata haikufa. Tunazika kitu kizima. Na shida yenyewe si ya Uthiru, wala si ati nduthi za siku hizi ni duni. Ina miaka zaidi ya 110.

Gari za kwanza ziliwashwa kwa kuzungusha hendeli ya chuma kwa mkono. Injini ikishtuka vibaya, hendeli inarudi nyuma kwa nguvu na kuvunja mkono ama taya. Inasimuliwa kwamba mtengenezaji wa magari Byron Carter alifariki 1908 baada ya kuumizwa hivyo, na mkubwa wa Cadillac, Henry Leland, akaapa kutafuta njia ingine. Kazi ikamwangukia Charles Kettering wa Dayton, Ohio.

Wataalamu wengi waliona haiwezekani. Mota ya umeme yenye nguvu ya kuzungusha injini ingekuwa kubwa karibu kama injini yenyewe. Lakini Kettering alikuwa ametoka kuweka mota ya umeme kwenye mashine za kuhesabia pesa dukani, na huko alijifunza kitu: mota haihitaji kufanya kazi siku nzima. Unaweza kuipa umeme mwingi kwa sekunde chache, ifanye kazi, halafu ipumzike. Cadillac za 1912 zikauzwa na stata.

Shika hapo, kwa sababu kila kitu kinaanzia hapo. Stata ilizaliwa kama kitu cha sekunde chache na umeme mwingi. Wewe unayeshikilia kitufe mpaka kidole kinauma, unaichoma. Na wewe unayetaka iamke na betri iliyochoka, unaitesa bure.

Pikipiki nazo zikataka hiyo raha. Mwaka 1914 kampuni ya Hendee ya Springfield, Massachusetts, iliyotengeneza pikipiki za Indian, ilitoa Hendee Special yenye stata ya umeme. Iliachwa mwaka huohuo. Kilichoiangusha ni betri: za wakati ule hazikumudu kazi, zilikuwa zinaisha chaji na kumwacha mwenyewe njiani. Basi pikipiki nyingi duniani zikabaki na kiki kwa miaka mingi. Honda ilianza kuifanya stata kuwa kitu cha kawaida mwishoni mwa miaka ya 1950, Harley-Davidson ikafuata na Electra Glide ya 1965, na CB750 ya 1969 ikamaliza ubishi. Siri haikuwa kuunda mota ya ajabu. Betri ilikuwa imeboreka, na pia mfumo wa kuichaji.

Sasa tuje nyumbani. Boda ilianza na baiskeli kule Busia, mpakani na Uganda. Nduthi zilikuwepo, lakini chache. Mwaka 2008 serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zenye injini ya chini ya cc 250, na hapo mlango ukafunguka. Mwaka 2005 pikipiki zilizosajiliwa Kenya hazikufika 4,000. Mwaka 2011 pekee zilisajiliwa zaidi ya 140,000. Kati ya zilizokuja kutawala barabara ni zile kama Boxer 150, zenye kitufe na kiki pamoja.

Hiyo kiki ni baraka, lakini ndiyo imetuharibu. Inaficha ugonjwa. Gari ikikataa kuwaka, mwenyewe anatafuta fundi siku hiyo. Nduthi ikikataa kitufe, kuna mguu, na kesho ni siku. Betri inaendelea kuzeeka, waya unaendelea kuoza, na unapokumbuka stata, shida moja imeshazaa tatu.

Angalia pia venye tunaishi na hizo nduthi. Betri yake ni ndogo, unaibeba kwa mkono mmoja. Kiwanda kiliipa kazi chache: stata, taa, honi, indiketa. Sisi tukaongeza redio, taa za rangi, alamu, na waya wa kuchaji simu mbili. Halafu safari ni Uthiru mpaka Kinoo, unazima, unangoja pasenja, unawasha tena. Kila kuwasha kunakula umeme, na hiyo safari fupi ya kupita kwenye jam hairudishi kilicholiwa, kwa sababu injini ikiwa chini inachaji kidogo sana. Fanya hivyo mara 30 kwa siku uone. Ni kama kukopa kila asubuhi na kulipa nusu kila jioni.

Halafu unaenda Kirinyaga Road, ile wazee bado wanaita Grogan, unanunua stata mpya. Inafungwa, inashika vizuri wiki mbili, halafu inaanza tena kulia tik, tik. Unasema umeuziwa feki. Inawezekana, feki ziko. Lakini kama hakuna aliyepima betri, utajuaje?

Hapo ndipo sikubaliani na mafundi wetu wengi, na nasema kwa heshima, maana wamelisha mtaa huu. Tumezoea fundi wa kubadilisha: toa hii, weka hii, lipa. Umeme hauonekani kwa macho, unapimwa. Na inauma zaidi kwa sababu sisi ni majirani wa Kabete Poly, chuo kilichoanzishwa 1924 kufundisha ufundi. Miaka 100 ya ufundi iko hapo barabarani Waiyaki Way, na bado unaweza kupita mabanda kadhaa bila kuona maltimita, ile mita ndogo ya kupima umeme.

Kwa hivyo kabla ya kununua stata, mwambie fundi apime betri nduthi ikiwa imezimwa. Betri nzima ya volti 12 inasoma karibu 12.6. Bonyeza kitufe mita ikiwa imeshikwa: ikianguka chini ya 10, anza kushuku betri ama viungo vyake. Washa injini, ongeza moto kidogo: isome kati ya 13.5 na 14.5. Isipofika, betri haichajiwi, angalia rektifaya na koili. Ukisikia tik pekee, safisha vichwa vya betri na ukaze waya wa athi kabla ya kulaumu relei. Ukisikia kimya kabisa, angalia fyuzi, kitufe na swichi ya klachi. Mota ikizunguka na injini haizunguki, shida ni klachi ya stata, ile ya kushika upande mmoja. Ni baada ya hayo yote ndiyo unafungua stata yenyewe, na hata hapo mara nyingi ni kaboni zimeisha, si mota nzima.

Kuna mtu atasema, kwani kiki ina ubaya gani? Jo, nduthi izime Waiyaki Way saa mbili usiku, una pasenja na mtoto, nyuma kuna matatu inakuja mbio. Ukiwa na kitufe, unaondoka kwa sekunde moja. Ukiwa na kiki, lazima usimame, utafute balansi, upige, upige tena. Leland alitaka hendeli iondoke kwa sababu ilikuwa inaumiza watu. Stata haikuletwa kwa ajili ya wavivu.

Na usidhani nduthi za umeme zitatuokoa. Hizo za Roam, Ampersand na Spiro hazina stata ya kufa, ni kweli. Lakini ni betri kutoka kichwa mpaka mkia. Msee asiyejua kupima betri ya volti 12 leo atakuwa mgeni kabisa kwenye nduthi yake mwenyewe kesho. Kwa hivyo steji yoyote ichangishane inunue maltimita moja ikae na mwenyekiti. Itajilipa kwa stata ya kwanza ambayo hamkununua.