Kutoka Dublin Hadi Shannon kwa Msafara

Maji ya Mfereji wa Royal yalifika mto Shannon mwaka 1817, kwenye kijiji cha Clondra, baada ya kazi ya miaka 27. Kampuni iliyouanza ilikuwa imekwisha kuvunjwa kwa madeni, na serikali ndiyo iliyoumalizia. Wakati huo mfereji mwingine, Grand, ulikuwa umefika mto huohuo tangu 1804, nao ukitokea Dublin vilevile. Ireland ikawa na mifereji miwili inayoelekea magharibi na kunyang'anyana mizigo. Je, huu wa Royal, uliofika wa pili, ulikuwa wa nini? Daftari za biashara hazikupata kulijibu swali hilo vizuri. Jibu lilitoka kwa wenye mashua ndogo za matembezi, zaidi ya karne moja baadaye, walipoamua kusafiri kwa pamoja.

Taabu ilianzia kwenye ramani yenyewe. Duki wa Leinster, aliyekuwa miongoni mwa wakubwa wa kampuni, alitaka mfereji upite kwenye mji wake wa Maynooth. Ili kumridhisha, ilibidi bonde la mto Rye lijazwe tuta refu huko Leixlip, na kati ya Castleknock na Clonsilla wachimbaji wakakutana na mwamba mtupu. Waliupasua. Hadi leo mahali hapo panaitwa Deep Sinking: mfereji ni mwembamba, kingo ni mawe, na njia waliyopita farasi wa kuvuta mashua iko juu sana, ukutani. Mwaka 1845 mashua ya abiria iitwayo Longford iligonga ukingo hapo, ikapinduka, na zaidi ya watu 10 wakazama.

Mwaka huohuo kampuni ya reli ya Midland Great Western iliununua mfereji wote. Haikuwa na haja na maji. Ilitaka ardhi ya kandokando yake ili ilaze njia ya treni kuelekea Mullingar. Sheria iliilazimisha kuuacha mfereji wazi, lakini anayelazimishwa kumtunza mshindani wake hamtunzi kwa moyo.

Kisha ikaja Njaa Kuu. Mwaka 1847 wapangaji 1,490 wa shamba la Strokestown, chini ya Meja Denis Mahon, waliondolewa kwenye vibanda vyao na kutembezwa hadi Dublin kwa kufuata ukingo wa mfereji huu. Maji yalikuwa pembeni yao, mashua zikipita, nao wakienda kwa miguu. Kutoka Dublin walivushwa hadi Liverpool, halafu Kanada, na wengi hawakufika wakiwa hai. Leo kuna njia ya kumbukumbu ya kilomita 165 inayofuata hatua zao. Siwezi kuandika juu ya raha ya kusafiri hapo bila kuwataja.

Matishari ya mizigo yalipungua mwaka hadi mwaka. Mwandishi Mwingereza L. T. C. Rolt na mkewe Angela walizunguka kwa mashua mwaka 1946 kupitia Grand, Shannon na Royal, naye akaandika kitabu, *Green and Silver*, ambacho watu wa mashua bado wanakisoma. Mwaka 1955 Douglas Heard aliupita Royal wote akiwa na mashua yake Hark. Baada yake hakuna aliyepita, na mwaka 1961 mfereji ukafungwa rasmi. Upande wa magharibi maji yalikauka, na barabara zikalazwa juu yake, chini kiasi kwamba hata mtumbwi usingepenya.

Kwa bahati, watu walikuwa wameanza kuamka. Mwaka 1954 wenye mashua wa Shannon walikuwa wameunda chama, Inland Waterways Association of Ireland, kwa kuhofia kwamba madaraja yanayofunguka yangebadilishwa na kuwekwa yasiyofunguka. Mwaka 1974 kikazaliwa Royal Canal Amenity Group. Wanachama wake walishika majembe wenyewe: walizoa tope, wakang'oa matete, wakatengeneza milango. Kufikia 1990 mashua ziliweza kufika Mullingar tena. Mwaka 2010 mfereji wote, kilomita 146 na malango 46, ukafunguliwa.

Kwa nini msafara? Lango la mfereji ni chumba cha mawe chenye milango pande zote mbili. Mashua huingia, milango hufungwa, maji huongezwa au kupunguzwa, nayo hupanda au kushuka kama mtu aliye ndani ya lifti. Kazi hiyo ni ya mikono: mmoja azungushe mkono wa chuma, wengine wasukume milango kwa migongo. Tena kila ufunguzi hupeleka chumba kizima cha maji bondeni, na maji hayo hutoka kwenye ziwa Lough Owel karibu na Mullingar. Mashua fupi mbili zikiingia pamoja, maji ya moja yanazitosha zote mbili. Na rafadha ikisokotwa na magugu, kuna wa kukuvuta.

Ndani ya Dublin, msafara si hiari. Karibu na Daraja la Newcomen, penye lango la kwanza, reli ya kwenda bandarini inakatiza mfereji ikiwa chini mno. Ili mashua zipite lazima reli inyanyuliwe, na jambo hilo hufanyika siku chache tu katika mwaka, kwa miadi na shirika la reli. Manahodha hujiandikisha mapema, hukusanyika asubuhi, na reli ikipanda huvuka wote mfululizo. Kisha hugawana kazi: kundi moja hutangulia kwa miguu kuandaa lango linalofuata, jingine hubaki nyuma kufunga. Mgeni hufundishwa papo hapo. Malango ya mjini yamekaribiana, kwa hiyo mtu hana muda wa kukaa. Hupandishwa mashua moja baada ya nyingine hadi lango la 12, Castleknock, ambapo mwamba wa Deep Sinking unaanza na kila nahodha hupunguza mwendo.