"Mpya" kwa nani?

Gazeti likiandika "bakteria mpya agunduliwa", msomaji hudhani kazuka jana. Mfano ni bakteria Helicobacter pylori: aliota maabarani Perth, Australia, mwaka 1982, pale sahani zenye sampuli za matumbo ya wagonjwa zilipoachwa kwenye joto sikukuu nzima ya Pasaka, badala ya kutupwa baada ya siku mbili kama kawaida. Jina hilo alipewa 1989. Lakini matumboni mwa binadamu amekaa makumi ya maelfu ya miaka. Kipya ni jina, si mdudu. Wataalamu watasema "spishi mpya" ni istilahi yao: jeni zikitofautiana vya kutosha na za jamaa zake, hutajwa hivyo. Sawa, wabaki nayo. Gazetini, ambako "mpya" huwatia watu kiwewe, "aliyetambuliwa karibuni" yafaa zaidi, ingawa mhariri atalalamikia urefu wa kichwa cha habari.